Mkono Usioshikwa

Namtanguliza Mola, aliyeyapanda mahaba nyoyoni kabla wanadamu hawajapanda vigingi vya mpaka. Yeye ndiye ajuaye nani mgeni na nani mwenyeji, na mbele Yake sote tu wapitaji. Rehema na amani zimshukie Mtume Wake na jamaa zake. Baada ya hayo, nawapanga watu wa kisa hiki kila mmoja mahali pake, msomaji asije akamdhania mtu kuwa asivyo.

Wa kwanza ni Khainza, binti wa Kigisu kutoka Bududa, upande wa pili wa Mlima Elgon, nchi ya Uganda. Mjini Kitale alikuwa fundi wa mashine za kufuma sweta za shule, katika karakana ya Mama Nyaruai, mfanyabiashara ambaye wazazi wake walihamia huko kutoka Nyeri. Wa pili ni Kevin Wekoye, Mbukusu wa Bungoma, karani wa ghala la mahindi hapo hapo Kitale, na mchumba wake Khainza. Wa tatu ni babaye Kevin, Mzee Mukhwana, aliyestaafu kazi Webuye na kurudi kwenye boma lake nje ya mji wa Bungoma. Wa nne ni Senge Roselyne, dada wa mzee huyo. Senge, kwa wasiojua, ni shangazi, na kwa watu wa huko neno la shangazi katika mambo ya ndoa halirukwi. Wa tano ni Nyongesa, dalali wa vitambulisho. Huyu ningependa nisimtaje, lakini takataka nayo hutajwa ili watu wasiikanyage.

Ilikuwa mwaka wa elfu mbili na tano, katika majira ya mvua na baridi, wakati kila mzazi wa Kitale anamtafutia mtoto sweta. Khainza alikuwa ameinamia mashine, anabadilisha sindano iliyopinda, Kevin alipoingia akikung'uta matope.

"Sasa, mrembo wa sweta."

"Sasa imeniishia, Kevin. Mwezi huu ukifa, pasi yangu ya muda inakufa nao. Na kibali cha kazi hakijajibiwa."

"Ndiyo maana nimekuja na dawa." Kevin alivuta kigoda akaketi karibu, akamtazama kwa yale macho yake mapole yaliyowahi kumfanya binti wa watu ashone mkono wa sweta mahali pa shingo. "Baba amekubali."

Sindano ilimtoka Khainza vidoleni. "Amekubali nini?"

"Amekukubali wewe! Amesema nikupeleke Jumamosi. Maneno yake ni haya: 'Mlete huyo msichana, nimfanye mtoto wa boma hili.'"

Khainza alijifunika uso kwa kipande cha sweta ya buluu, akalia. Mzee huyo ndiye aliyeapa siku zote kwamba hataki mkwe ambaye askari akipita barabarani anajificha kwenye mahindi. Leo anasema mtoto wa boma! Kwao Bududa, bibi arusi anapokaribishwa ndivyo anavyoambiwa: umekuwa mtoto wa boma hili, kuni zake ni zako na moshi wake ni wako.

Mama Nyaruai aliinua kichwa kutoka kwenye lundo la sweta alizokuwa akizikunja. "Kumfanya mtoto namna gani? Wewe Kevin, mimi nimeandika barua ya kusema hakuna fundi kama huyu hapa, nimepeleka cheti chake mpaka Nairobi, nimengoja. Kibali kitakuja. Sasa hiyo ya mtoto wa boma ni gani?"

"Ni ya kitambulisho, Mama. Mzee atasema mbele ya naibu wa chifu kwamba Khainza alizaliwa kwetu, akalelewa ng'ambo. Mwenye kitambulisho haulizwi kibali."

"Huo si uongo?"

"Ni maneno tu, Mama."

"Ngai! Maneno tu, ati!" Mama Nyaruai alikunja sweta moja kwa hasira mpaka ikawa kama ngumi. "Khainza, mimi si mama yako, lakini nakuambia. Nguo ikianza na kitanzi kibaya, utaifumua yote."

Khainza alisikia, lakini moyo wake ulikuwa umeshavuka mto. Ule uongo ulimkwaruza kooni, hakatai. Akaumeza kwa sababu ya furaha, kama mgonjwa amezavyo shubiri kwa tamaa ya kupona. "Jumamosi," alimwambia Kevin, "nitavaa leso mbili."

Jumamosi walifika Bungoma jua likiwa juu ya vichwa. Boma la Mzee Mukhwana lilikuwa limefagiliwa, na harufu ya kuku wa kienyeji ilikuwa imetanda hadi kwenye ua. Khainza alipomwona mzee akitoka barazani alifanya kama alivyolelewa: alipiga magoti kwa mbali, mikono ameifunga ndani ya leso, macho chini. Maana kwa Wagisu, kama ilivyo kwa jirani zao Wabukusu, mke wa mtoto na baba wa mume hawashikani mikono. Heshima yao ni umbali.

Lakini Mzee Mukhwana alimjia mpaka pale alipopiga magoti. Alimwinua, akaufungua mkono wake wa kuume kutoka ndani ya leso, akaushika kwa viganja viwili, akautikisa mbele ya watu wote.

"Inuka, mwanangu. Karibu kwenu."

Kevin alitabasamu kwa fahari. Mlangoni pa jiko, Senge Roselyne, aliyekuwa na mwiko mkononi, alisimama ghafla kama aliyeona nyoka ndani ya unga. Hata salamu hakumpa mgeni. Alimvuta kwa ncha ya leso mpaka kwenye moshi.

"Amekushika mkono?"

"Ndiyo, Senge."

"Kwenu ng'ambo, baba wa bwana anashika mkono wa bibi ya kijana wake?"

"Hashiki." Khainza aliutazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. "Nilidhani labda kanisa limewalegeza wazee wa huku."

"Karegezwa nani? Kaka yangu hajaregeza kitu tangu azariwe." Senge alizima kicheko kabla hakijawa kicheko. "Sikia, mwana wa wenyewe. Mkono ule hukupewa wa mkwe. Mimi bado sijui anapika nini, lakini kinanuka."

Kabla Khainza hajauliza zaidi, aliitwa sebuleni.

Hapo ndipo palikuwa na Nyongesa. Alikuwa ameketi mbele ya sinia, amekunja mikono ya shati, anamfyonza kuku mfupa baada ya mfupa kwa sauti ya mtu anayetembea kwenye tope. Mchuzi ulimtiririka hadi kwenye kiwiko, akaulamba. Pasipoti ya Khainza, aliyokuwa ameitanguliza Kevin, ilikuwa mezani, na juu ya picha yake palikuwa na alama ya dole gumba, ya manjano, yenye mafuta. Binti aliiona, akaisogeza mbali na sinia.

"Ndiye huyu?" Nyongesa aliuliza huku akitafuna. Alinyoosha vidole vile vile, akamshika Khainza kidevu, akamgeuza huku na huku kama anunuaye mbuzi. "Ah, Mzee, hapa kazi ni rahisi, bana. Pua ni yako kabisa. Sasa wewe msichana, shika maneno. Mama yako alikuwa mwanamke wa kando wa mzee huyu. Akapata mimba, akaona haya, akatoroka nayo ng'ambo. Umesikia?"

"Mama yangu aliolewa kanisani," Khainza alisema polepole. "Ameolewa na baba yangu peke yake. Na ni marehemu."

"Basi vizuri zaidi, si hatakuja kubisha?" Nyongesa alicheka, na chembe ya nyama ikaruka kutoka kinywani mwake ikatua juu ya leso ya binti. "Leo marehemu ameolewa hapa."

Khainza aliipangusa chembe ile, akapangusa tena mahali ambapo haikuwapo. Alimtafuta Kevin kwa macho. Alitamani aone ngumi iliyokunjwa, au walau uso uliokunjamana. Kevin aliinama sikioni mwake, akanong'ona kwa huruma:

"Vumilia, mpenzi. Ni ya leo tu."

Karaha ina ngazi, nayo hupandwa. Ya Nyongesa ilimfika Khainza tumboni; hii ya mpenziwe ilimfika kifuani. Hata hivyo hakutoka. Kitale ilikuwa nyuma yake, na kazi yake, na mwanamume aliyempenda. Mbele yake palikuwa na mlango mmoja tu uliofunguliwa, na mlinda mlango alikuwa analamba vidole.

Naibu wa chifu aliwasili na wazee wawili, wakaketi barazani. Alikuwa mtu mkavu asiye na maneno mengi. Alikataa kuku, akaomba maji. Watu wote walitoka nje kumsikiliza. Senge Roselyne alisimama mlangoni pa jiko, mwiko ungali mkononi.

"Mzee Mukhwana," alisema naibu, "umeniita kwa habari ya mtoto uliyempoteza."

"Ndiyo. Ni huyu. Ni damu yangu."

"Neno la baba nimelisikia. Lakini huku tuko karibu na mpaka, na kila siku naletewa watoto waliopotea. Nataka neno la mtoto wa boma. Kevin, simama. Huyu ni nani kwako?"

Kevin alisimama. Alimtazama Khainza, na katika mtazamo ule mlikuwa na mapenzi yote ya Kitale: chai walizonywea kikombe kimoja, mwavuli mmoja mabegani mwa wawili, ahadi walizopeana mashine zikiwa zimezimwa. Akamtazama Nyongesa, aliyemkonyeza. Akasema, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani:

"Ni dada yangu."

Wahenga wa tungo walituonya tuuchunge mlango wa kinywa, na mimi nimefuata nyayo zao kwa ubeti mfupi:

*Ulimi ukiponyoka, haurudishwi kwa kamba,*
*Na neno likishafika, hujijengea na nyumba.*

Na kweli neno lile lilijenga papo hapo. Mzee Mukhwana, ambaye tangu asubuhi uso wake ulikuwa wa asali, aliegemea kiti akapumua kama aliyetua mzigo.

"Wazee, mmesikia. Si mimi niliyesema. Amesema mwenyewe, kwa kinywa chake, mbele yenu. Dada ni dada."

"Mukhwana!" Ilikuwa sauti ya Senge Roselyne, na mwiko ulikuwa umemtangulia. "Sema yote! Waambie wazee kwamba kijana huyu alikuwa anataka kumwoa msichana huyu. Waambie!"

Mzee mmoja aligeuka pembeni akatema mate. Wa pili aliinua miguu yake kidogo kutoka sakafuni, kana kwamba kitu kichafu kimemwagika.

Kevin aligeuka rangi. "Baba, si ulisema ni maneno tu?"

"Na nimekupa maneno. Kwani nimekupa kitu kingine?" Mzee Mukhwana alisema kwa utulivu wa kutisha. "Mlikuja kwangu mkilia. Huyu analilia nchi, wewe unamlilia huyu. Mimi ni mzazi. Yeye nimempa nchi, wewe nimekupa dada. Nani amenyimwa?"

Hata Nyongesa aliacha kutafuna.

Naibu wa chifu aliweka kikombe chini. "Kalamu bado ni yangu," alisema, na sauti yake ilikuwa na ubaridi. "Msichana, sijakusikia wewe. Neno lako likiwa kama lao, naandika, nawe utakuwa mwenyeji. Likiwa vingine, sema."

Basi pawe wazi, msomaji, ni kitu gani kilichokuwa katika mizani. Akisema ndiyo, Khainza atakuwa na kitambulisho, na kazi, na Kitale yake. Askari hatamtisha tena. Lakini kila atakapomgusa Kevin atakuwa amemgusa ndugu, na hakuna mzee wa upande huu wa mlima wala ule atakayewafungisha ndoa. Akisema siyo, atakuwa mgeni tu, mwenye pasi inayokufa.

Kevin alimsogelea, akanong'ona haraka haraka:

"Kubali, Khainza. Kubali tu upate karatasi. Tutakaa Kitale, nani atajua? Huku tutakuwa ndugu, kule tutakuwa sisi."

Khainza alimgeukia amjibu, na ndipo alipoiona. Midomo ile aliyokuwa akiiota ilikuwa inang'aa. Kevin naye alikuwa amekula kuku yule, katika sinia ile ile, baada ya mama wa watu kutukanwa juu yake. Mafuta yalikuwa ya manjano kama yale yaliyokuwa kwenye picha. Khainza alihisi nyongo ikimpanda, si kwa mfano. Alifunga kinywa kwa leso mpaka ikashuka.

Kisha alipiga hatua mbele.

"Bwana naibu, mimi ni Khainza, mwana wa Mafabi wa Bududa. Mama yangu hakutoroka na mimba ya mtu. Amelala kwetu kwa heshima, nyuma ya nyumba ya mume wake. Mimi sikuzaliwa hapa. Ni mgeni. Pasi yangu inaisha mwezi huu, na kibali nilichoomba hakijajibiwa. Kosa langu ni kwamba niliitwa mtoto wa boma, nikadhani ninaitwa mke."

"Mjinga wewe!" Nyongesa alifoka. "Unajifunga kamba mwenyewe!"

"Hiyo ni yangu, nitajua pa kuifungulia. Ile yako imenuka."

Senge Roselyne aliachia kigelegele kifupi, kisha akakumbuka kwamba hapakuwa na arusi, akakimeza. Nyongesa alikwenda sebuleni. Walipomwona tena alikuwa anakatiza katikati ya mahindi kuelekea barabarani, na mfuko wa koti lake umevimba kwa paja la kuku.

Naibu alitia kalamu mfukoni. "Binti, ukweli wako hauwezi kukupa kitambulisho. Lakini pasi yako ingali hai, nami sina la kukukamatia. Vuka kabla haijafa. Kibali kingojee ukiwa kwenu, kije kikukute huna doa. Na ninyi wa boma hili," alimgeukia Mukhwana, "nitarudi. Hamkunidanganya mimi. Mlitaka kuidanganya kalamu ya serikali, na hiyo husahau polepole."

Khainza alichukua pasipoti yake mezani, akaipangusa kwa ukingo wa leso mpaka picha ikawa yake tena. Kevin alimfuata hadi kwenye ua wa miti, macho yamejaa.

"Sikujua, Khainza. Wallah... haki ya Mungu, sikujua Baba ana mtego."

"Mtego hukujua. Kusema ulijua."

"Nilisema kwa sababu nakupenda!"

"Najua. Hicho ndicho kinachonichefua." Alikaza leso mabegani. "Angekuwa ni baba yako tu, ningelia nikapona. Lakini wewe ulisema tukaishi Kitale kama wezi. Ulinitaka niwe dada yako mchana na mke wako mlango ukifungwa. Ulionja neno hilo, Kevin, na halikukuchoma ulimi?"

Kevin alinyoosha mkono amguse shavu. Khainza alirudi nyuma.

"Usinisogelee. Kinywa chako bado kinanuka."

"Niambie la kufanya. Nivuke na wewe? Leo hii navuka!"

"Uvuke uwe mgeni kwetu, tuwe wawili wasio na kibali? Hapana. Rudi Kitale. Mwendee Mama Nyaruai, umsaidie kufuatilia ombi langu mpaka lijibiwe, liwe ndiyo au siyo. Ukinitaka, nitake nikiwa mgeni. Utakuja Bududa kwa njia kuu, mchana, senge yako ametangulia. Lakini kwanza kuna neno lako limebaki pale barazani. Siwezi kuliondoa mimi."

Machozi yalimwangukia Kevin kwenye viatu. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi hakumtazama mtu yeyote kutafuta jibu. Aligeuka, akarudi barazani, ambako naibu alikuwa ameshaondoka, lakini wale wazee wawili walikuwa bado wanachukua fimbo zao.

"Wazee, ketini kidogo," alisema. "Senge, nipe maji."

Senge Roselyne alimletea kibuyu. Kevin alijaza kinywa, akasukutua, akatema chini mbele ya baba yake. Akajaza tena, akatema tena, mpaka vumbi la baraza likawa tope.

"Yule si dada yangu. Nimesema uongo mbele yenu. Neno lile nimelitema, na mimi ndiye nitakayefagia hapa."

"Tumesikia," walisema wazee.

Mzee Mukhwana aliona jinsi watu wanavyomtazama. Aliinuka, akauvaa tena ule uso wa asali, akashuka hadi kwenye ua alipokuwa Khainza. Akanyoosha mkono wake.

"Kwaheri, mwanangu. Tusiachane vibaya."

Mkono ulikaa hewani. Khainza aliutazama, kisha akapiga hatua moja nyuma, na ya pili. Alifunga mikono yake yote miwili ndani ya leso, akapiga magoti kwa mbali juu ya ardhi yenye unyevu, macho chini, kama apigavyo magoti mke wa mtoto mbele ya baba wa mume.

"Mulembe, Baba," alimtakia amani. "Mkono wangu wewe huushiki."

Senge Roselyne alijifuta macho kwa sababu ya moshi ambao haukuwapo. Kevin, pale barazani, alikuwa ameshika ufagio.

Binti aliinuka, akatia pasipoti kifuani, akaelekeza uso kwenye mlima na mpaka wa Lwakhakha. Lakini hakwenda kabla ya kuwageukia wote, na hili ndilo alilowaombea:

"Mungu awabariki mnaobaki. Awape maji ya kuosha vinywa na moto wa kuota usiku. Alinde jiko la Senge lisizimike. Amlainishe mzee moyo kabla ya mifupa. Na huyo mwenye ufagio, ampe subira, na njia iliyonyooka mpaka kwetu. Amina."